Kitambaa cha Mama Kwenye Fari

Papa Fari walimzika juma lililopita, na papa yangu hakwenda. Alipita mbele ya matanga na baiskeli yake, macho mbele, kana kwamba pale hapakuwa na turubai wala watu wala kilio. Jioni jirani yetu mmoja akakaa kwenye ua wetu anatafuna karanga, akasema: "Yule muzee aliua watu tisa na usingizi yake, na Mungu akamupa bado miaka ya kuzeeka." Nilikuwa nachambua mchele. Nilitupa mawe, kisha nikajikuta natupa na mchele wenyewe.

Naandika kwa sababu kwa mdomo siwezi. Ninyi mliosoma nami mnanijua: profesa akiniuliza darasani, jibu ninalo, lakini linatoka dogo hata mwenye kukaa kando yangu kwenye banki, benchi letu, halisikii. Kwenye daftari sauti yangu ni sawa na ya kila mtu. Nina miaka kumi na saba. Jambo hili lilitokea nikiwa na minane, na mpaka juma hili sikuwa nimemwambia mtu.

Fari mnaiona wote. Ni ule mnara wa taa uliosimama peke yake ndani ya maji, kule mwisho wa bandari ya zamani, ambao siku hizi watu wanaupiga picha na simu. Wabelgiji waliujenga ili meli za kutoka Kigoma zione mahali pa kuingia. Ziwa lilipopanda likameza ukuta wa bandari na nyumba za barabara ya chini, mnara ukabaki katikati, maji yakiupiga tumboni. Lakini nilipokuwa mdogo mtu alifika pale kwa miguu, viatu vikavu. Ndani kulikuwa na ngazi ya chuma inayozunguka, na harufu ambayo mpaka leo naitambua mahali popote: petroli, mavi ya popo na chuma kilicholowa. Mlinzi wake alikuwa Papa Fari. Alikuwa na jina lake la kanisani kama kila mtu, lakini hata mkubwa wa bandari alimwita hivyo.

Watu wa bandari na wa reli walikuwa na desturi yao juu ya mnara ule. Mtu wa kwenu akipanda boti kwenda Moba, ulichana kipande cha kikwembe, kitenge chake, ukapanda mpaka juu, ukakifunga kwenye chuma cha kuzuia watu wasianguke. Wa boti moja walifunga pamoja, chuma kimoja. Akirudi, mlipanda kukifungua. Toka chini ungeona rangi zote zile zinapigwa na upepo ukadhani ni sikukuu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali. Simu zilikuwepo, lakini ukishapita tu milima ya kusini network inakufa, na boti za mbao zina tabia ya kusimama vijijini kupakia samaki siku moja, siku mbili. Kwa hiyo mji ulitegemea macho ya mzee mmoja.

Mama yangu, Adela, alikuwa akifuata maharagwe ya Kirungu. Watu wa kule juu walishuka nayo mpaka Moba, yeye akayanunua, akarudi nayo kwa boti kuyauza hapa. Siku ya kurudi kwake, Papa alikuja kunichukua shuleni akiwa bado na nguo za kazi za reli, tukapitia kwenye fari, tukapanda, akanibeba mabegani ili mimi nifungue kitambaa cha Mama. Halafu tukaenda nyumbani. Na nyumbani, kila mara, Mama alikuwepo! Ameshaoga, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, nywele zinanuka moshi wa samaki, anatuambia: "Mulikawia wapi?"

Sasa fikirieni na kichwa cha mtoto wa miaka minane. Sikumwona kamwe akishuka kwenye boti. Mimi niliona tu kwamba tunafungua kitambaa, halafu Mama yupo.

Jumamosi moja Metre, mwalimu wetu wa mwaka wa tatu, alitupeleka kutembelea minara. Alipenda historia, yule. Kwanza alitupeleka kwenye mnara wa tanki la maji wa reli, akatueleza habari za treni za moshi zilizokunywa pale, nasi tulimsikiliza kwa kuwa kulikuwa na kivuli. Kisha tukateremka bandarini, wawili wawili, mikono mabegani. Nyuma yangu alikuwa Mado, ambaye mnamjua, mdomo wake haujabadilika.

"Weye na ile miguu ya kuku," akaniambia, "utafika juu kweli? Tutakuokota na fagio."

Nilikuwa nahesabu siku. Mama alipaswa kufika jana yake, Ijumaa. Alipiga simu Alhamisi kutoka Moba, akasema wanatoka. Papa hakuwepo, alikuwa na treni upande wa Nyunzu, na treni ile ikikwama kwenye daraja moja inakaa siku nne. Mimi nilibaki na Tantine Roza, shangazi yangu, mdogo wake Papa.

Papa Fari alitupokea mlangoni. Alivaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, na miwani iliyofungwa na waya sikioni. Aliniona mara moja.

"Weye si mutoto ya Adela? Mama yako iko njiani. Usikuwe na wasiwasi."

Metre akamwuliza, kwa sauti ya kutaka sisi tusikie, vitambaa vile vinasaidia nini.

"Metre, njo biro yangu ile," mzee akasema, akacheka, maana yake ile ndiyo ofisi yake. "Ona ile chuma ya pili, vitambaa kumi na kimoja. Njo boti ya kina Adela, ilipashwa kufika jana. Kesho asubuhi nikikuta vyote vingali vimefungwa, naenda ku biro ya bandari watoe boti ya mashini, wakatafute. Lakini kikifunguliwa hata kimoja tu, najua imefika. Wengine watakuja pole pole. Muntu anatoka ku ziwa, anataka kwanza kula."

"Na simu, Papa?"

"Simu! Kitambaa hakiishaka betri."

Watoto walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimesikia jambo kubwa likisemwa na mwenye mnara mwenyewe. Kikifunguliwa hata kimoja tu, boti imefika. Nilikuwa najua hivyo siku zote, lakini nilidhani lazima Papa awepo.

Tulipanda watano watano. Papa Fari alibaki chini anashika ngazi na kutuhesabu. Juu, upepo ulinijaa mdomoni. Metre alisimama upande wa kusini, anawaonyesha wengine mahali ilipo Moba, nyuma ya milima ya buluu, na Mado anapiga kelele kwamba ameona bati la nyumba yao. Nilizunguka upande wa pili. Kitambaa cha Mama kilikuwa cha kijani, na ua la njano lililokatwa nusu. Fundo lilikuwa gumu, limelowa na kukauka mara nyingi. Vidole vilishindwa. Nikatumia meno. Likaachia ghafla, na ninakumbuka kwamba niliangalia ziwa palepale, nikitegemea kuona boti.

Hapakuwa na kitu. Nikadhani, labda iko karibu sana, chini ya ukuta, ndiyo maana siioni. Nikasokota kitambaa ndani ya soksi. Niliposhuka, Papa Fari alinishika kichwa: "Nne, tano... muko wote. Uliogopa?"

"Hapana," nikasema.

Nyumbani nilipasha maji. Nilijaza ndoo, nikaiweka bafuni pamoja na sabuni ya Mama. Tantine Roza akaniona.

"Unapashia nani maji?"

"Mama. Boti imefika."

"Nani alikuambia?"

Nikasema, "Papa Fari." Haukuwa uongo kwangu. Niliona kama ni yeye kweli aliyeniambia.

"Basi labda wameshukia beach ya mbali na mizigo," akasema Tantine, akaenda zake kusonga bukari, ugali wetu. Kama Papa Fari alisema, nani angeuliza tena? Maji yalipoa. Nikapasha tena. Jumapili nilipasha mara tatu, na Tantine akanigombeza kwa ajili ya makaa. Jumatatu nilienda shule, nikarudi mbio, mlango ulikuwa bado na kufuli.

Jumanne wavuvi walileta watu wawili. Mmoja alikuwa kijana ambaye hakuweza kusema, wa pili mama mmoja muuza maharagwe, Mama Sikujua, ngozi ya mikono imetoka kama ya muhogo uliolowekwa. Yeye ndiye alikuja kwetu akasema. Alikaa kwenye mkeka, sisi tukamzunguka. Mashini ilizima Ijumaa, upepo ukageuza boti. Wengine walikwenda palepale na mizigo yao. Watano walishika mgongo wa boti.

"Adela njo alitutia nguvu," akasema. "Jumamosi yote iko anatuambia: mushike, ni siku moja tu, kesho asubuhi Papa Fari ataona vitambaa vyetu, watakuja. Jumapili tuliangalia. Mashini ikilia mbali tunasema njo wao. Tuliangalia mupaka jua linaenda kuzama. Adela akaniuliza, mbona hawaji? Nikasema, watakuja. Akaniuliza tena. Halafu nikaona mikono yake haiko."

Wanawake walilia. Mimi nilikwenda chooni, nikachukua kitambaa kutoka mahali nilipokificha chini ya tofali, nikakitumbukiza shimoni. Hilo nililijua kulifanya. Mtoto wa miaka minane haelewi mambo mengi, lakini anajua kuficha.

Siku hiyo hiyo Papa Fari alikuja. Hakuingia kwenye mkeka wa watu. Aliniita kando, karibu na kamba ya nguo, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Miwani yake ilikuwa na ukungu.

"Mutoto yangu. Ile siku ya Metre, ulipofika juu, ulishika kitambaa ya Mama?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Kuchezea tu?"

"Hapana, Papa Fari."

Aliniangalia. Sijui aliona nini; labda alikumbuka soksi yangu ya siku ile iliyovimba, labda aliona mdomo. Kisha akasimama, magoti yakalia, akasema "Sawa," akatoka.

Kesho yake Papa alirudi na treni, na alasiri wakubwa wa bandari wakaweka viti kwenye uwanja wa maghala. Watu walijaa. Tantine alinishika mkono. Mkubwa wa bandari alimwuliza Papa Fari kwa nini hakutoa taarifa Jumapili.

"Niliona kitambaa kimoja hakiko," mzee akasema. "Nikajua wamefika."

"Nani alikifungua?"

Hapo aliwaangalia watu, kisha akaniangalia mimi. Watu tisa wamekufa, familia zao ziko pale, wengine wana fimbo. Mtoto mmoja amesimama mbele, amevaa gauni la shule kwa sababu hana nguo nyeusi. Sasa naelewa kwamba alipoangalia vile alikuwa ananipima mimi na watu wale.

"Ni miye," akasema. "Jumamosi jioni nilikuwa nanyoosha vile vilivyojisokota. Nilikuwa na usingizi. Kimoja kilinitoka mukononi, upepo ukakibeba. Asubuhi nikasahau kama ni miye."

Papa yangu aliruka viti. Alimpiga mzee yule usoni, mbele ya watu, mbele ya mke wake Mama Stefania aliyekuwa ameshika mfuko wa chakula chake. Miwani ikaanguka, na mtu akaikanyaga. Papa Fari hakuinua mkono.

Na mimi? Niandike tu: nilifurahi. Sikulia hata. Mwili wote ulilegea kama wakati homa inatoka. Kama mtu mzima, mwenye mnara, anasema mbele ya wakubwa kwamba ni yeye, basi ni yeye. Nikajiambia kwamba kile nilichofungua mimi kilikuwa cha mtu mwingine, au kwamba nilikifunga tena, au kwamba niliota. Mtoto akipewa mlango wa kutokea haulizi nani ameufungua. Nilimchukia Papa Fari kwa moyo wote. Nilimchora kwenye daftari la hesabu akiwa amelala na ziwa linamfunika.

Walimfukuza kazi. Taa haikuwashwa tena, na desturi ikafa, kwa sababu nani angefunga kitambaa mahali ambapo hakuna wa kukiangalia? Mwili wa Mama haukuonekana. Papa Fari alikwenda kukaa kwenye kibanda nyuma ya soko, akashona nyavu za watu. Watoto wa mtaa wakipita walimpigia makofi: "Amuka, Papa! Boti inazama!" Nami nilipiga. Mara mbili.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu nilipoelewa. Nilikuwa nafua kwenye mto Lukuga, na kikwembe cha Tantine kikajifunga fundo ndani ya maji. Nikalivuta kwa meno. Ladha ile ya nguo mbichi ilinijaa mdomoni, nikaona kila kitu: kijani, ua la njano lililokatwa, bati la kina Mado likimeta, Metre ametupa mgongo. Hapakuwa na usingizi wowote. Upepo haukubeba kitu. Nilitapika majini, na mwanamke aliyekuwa upande wa chini akanitukana kwa sababu ya ndoo yake.

Baada ya pale nilikuwa na miaka minne ya kusema. Nilimkuta njiani mara nyingi. Alikuwa ananisalimia yeye kwanza, mzee mzima: "Mutoto ya Adela, masomo inaenda?" Nilijibu "Ndiyo" na kuangalia miguu yake. Siku moja nilimfuata mpaka karibu na kibanda, nikasimama hapo na maneno yote tayari. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano ya nyavu, macho yamekwisha, anakosa tundu, anajaribu tena. Ningeweza angalau kumtilia uzi. Niligeuka nikarudi. Halafu akaugua, halafu akafa, na jirani akakaa kwenye ua wetu na karanga zake.

Juzi, saa sita mchana, Papa alikuwa anasikiliza redio kwenye kiti chake. Nilikuja nikasimama mbele yake, nikasema yote, mpaka choo. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Alizima redio katikati. Nilipomaliza hakunipiga, nami nilikuwa nimetamani anipige. Aliangalia mkono wake wa kuume, akaugeuza upande wa pili, kama kitu alichookota.

"Nilimupiga," akasema. "Mama Stefania aliona."

Akavaa shati. Nikamfuata nyuma, mji mzima umelala kwa joto. Kwenye matanga, turubai lilikuwa bado halijatolewa. Wanaume wachache walicheza karata. Mama Stefania alikuwa kwenye mkeka mlangoni, amefunga kitambaa cheupe kichwani, na nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wanapika, wanacheka kitu, vijiko vinagonga sufuria. Papa alipiga magoti kwenye mchanga. Sijawahi kumwona hivyo hata kanisani.

"Mama, unanijua?"

"Nakujua. Njo weye ulivunja miwani."

"Mutoto yangu iko na neno."

Niliketi kwenye ukingo wa mkeka nikasema, kwa sauti yangu hii mnayoijua. Mama Stefania aliinamisha kichwa ili asikie. Nilipofika kwenye kitambaa alinyanyua macho. Nilipofika kwenye soksi aliweka mkono mdomoni. Nilipomaliza alishusha mkono.

"Hata miye aliniambia ni usingizi," akasema mwishowe. "Hata miye. Miaka yote niko namuita musinziaji. Chakula ikikosekana, namuambia, lala, si njo kazi yako. Asubuhi ya kufa nilimuambia ile." Alipangusa uso kwa ncha ya kikwembe. Nilifikiri atanifukuza. Papa pia alifikiri hivyo, kwa sababu alinishika bega kuniinua.

"Muache," Mama Stefania akasema. "Weye, mutoto. Simama."

Nikasimama.

"Sema tena. Lakini hapana ile sauti ya panya. Ba mama bale ku jiko basikie, na bale ba karata."

Nilivuta pumzi mpaka mbavu zikauma, nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka sikuifahamu.

"Papa Fari hakulala," nikasema. "Nilifungua miye."

Kule nyuma ya nyumba, vijiko vikanyamaza.